Macho yapo kwenye mkanda, akili ipo Mbuyuni

*"Nina miaka 44, nachambua kahawa katika kiwanda kimoja hapa Moshi. Tunakaa pande mbili za mkanda, kahawa inapita, tunatoa punje nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, vijiti na mawe. Asubuhi nipo vizuri. Ikifika saa nne najikuta nimeshafika mbali: ada za watoto, marejesho ya vikoba, jioni nipitie nini sokoni Mbuyuni. Mikono inaendelea yenyewe. Baada ya chakula cha mchana ndiyo kabisa. Wiki iliyopita msimamizi alichota sampuli kwenye gunia la meza yetu, akakuta punje nyeusi. Akasema wamama tunapiga soga badala ya kufanya kazi, akapiga marufuku maongezi na redio. Tangu siku hiyo ndiyo nasinzia zaidi. Nimejaribu kuficha hedifoni moja ndani ya kilemba, nimejaribu jojo, nimejaribu kunywa kahawa. Na kuna kitu kinanitisha: mkanda ukisimamishwa, naona kama unarudi nyuma. Je, ubongo wangu una tatizo? Kuna namna ya kuchangamka kwenye kazi hii bila kuiharibu?"*

Pole na kazi, dada yangu. Nianze na hilo linalokutisha, maana mtu mwenye hofu hawezi kusoma mengine kwa utulivu.

Mkanda unaoonekana kurudi nyuma ni jambo la kawaida kabisa kwa macho mazima. Katika mfumo wetu wa kuona zipo seli zinazoshughulikia mwendo wa kwenda kulia, nyingine wa kwenda kushoto, nyingine wa juu na chini. Ukitazama kahawa ikipita upande mmoja kwa muda mrefu, seli za upande huo hupunguza nguvu. Mkanda ukisimama ghafla, zile za upande wa pili ambazo hazikuchoka ndizo zinazosikika zaidi, na ubongo unatafsiri hivyo kwamba kitu kinarudi. Mwaka 1834 Mwingereza mmoja, Robert Addams, aliandika habari hiyohiyo baada ya kukodolea maporomoko ya Foyers huko Uskoti: alipohamishia macho kwenye miamba ya pembeni, aliona miamba inapanda. Hali hii huisha baada ya sekunde chache. Jirani yako naye anaiona, muulize. Cha kukupeleka hospitali ni kizunguzungu kinachoendelea kwa dakika nyingi baada ya kuinuka, kinachokuja na kutapika, au kinachokupata nyumbani ambako hakuna mkanda.

Sasa tuje kwenye akili kuondoka. Kwa maelezo yako, msimamizi ameona kosa la kweli lakini amekosea chanzo chake. Punje nyeusi zilipita, sikatai. Ila kuzifuta soga na redio, halafu kuwaacha kwenye mkanda uleule kwa saa zilezile, ni kuondoa kitu kilichokuwa kinawasaidia kubaki macho.

Habari hii ilichunguzwa zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na watu waliokaa mbele ya rada ndani ya ndege, wakisubiri alama ndogo ya nyambizi ya adui. Alama zilikuwa adimu, na wengi walizipita bila kuziona ingawa zilikuwa mbele ya macho yao. Mwanasaikolojia Norman Mackworth akatengeneza kipimo: mshale unaozunguka kama wa saa, unaruka hatua moja moja, na mara chache sana unaruka hatua mbili kwa mpigo. Kazi ya mtu ilikuwa kuonyesha kila anapoona ule mruko wa hatua mbili, kwa muda wa saa mbili. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalionyesha kwamba kushuka kwa umakini kulijitokeza ndani ya nusu saa ya kwanza. Hawa walikuwa vijana wenye afya, wanaojua wanapimwa, na hapakuwa na wa kupiga naye soga. Kwa hiyo wewe kufika saa nne ndipo akili iondoke, mimi nakuona umevumilia.

Watu wengi hudhani kazi ya kutazama ni nyepesi kwa sababu mwili haubebi kitu. Huo ni upotofu ninaokutana nao karibu kila ninapokwenda, iwe kwenye nyumba za kupangia maua na maharage machanga kule Arusha au kwenye meza za kahawa hapo kwenu. Kungoja kitu adimu kitokee katikati ya vitu vinavyofanana ni kazi ngumu ya akili. Watafiti waliopima mtiririko wa damu ubongoni wakati wa kazi za namna hii waliona ukipungua kadiri muda unavyokwenda, sambamba na makosa kuongezeka. Watu wenyewe walipoulizwa walisema wamechoka na wana msongo. Ndiyo maana unaporudi nyumbani unajisikia umechoka kama aliyelima, na aliyeshinda shambani hakuelewi.

Kinachotokea ndani ni hiki. Ubongo umeumbwa kushughulika na mabadiliko. Kitu kisichobadilika hukipunguzia nafasi. Mlio wa mashine ya kukobolea uliousikia asubuhi ulipoingia, saa mbili baadaye huusikii tena mpaka izimwe. Punje ya kijani inayofuatwa na ya kijani, na nyingine ya kijani, inapokea hukumu hiyohiyo. Nafasi inayobaki wazi inachukuliwa na mambo yenye uzito kwako: ada, vikoba, chakula cha jioni. Akili haikutoroka kazi kwa utundu. Imeenda kwenye jambo linalodai jibu.

Kuna jambo la pili ambalo wasimamizi wengi hawalijui, nami ningependa wako alisome. Kadiri kasoro zinavyokuwa chache, ndivyo jicho linavyozidi kuzipita. Mwaka 2005 Jeremy Wolfe na wenzake nchini Marekani walichapisha majaribio ya watu wanaotafuta kitu fulani kwenye picha. Kitu hicho kilipokuwemo katika nusu ya picha, watu walikikosa kwa asilimia 7 hivi. Kilipokuwemo katika picha 1 tu kati ya 100, walikikosa kwa asilimia 30. Macho yaleyale, kitu kilekile. Ubongo ukishazoea kwamba jibu ni "hakuna", unaacha kutafuta mapema. Sasa fikiria mkanda wenu. Kahawa inawafikia baada ya kupita kwenye chekeche na mashine zinazotenganisha kwa uzito, pengine na ile ya kuchagua kwa rangi. Mzigo ukija umeshasafishwa vizuri, kila punje nyeusi iliyobaki ina nafasi kubwa zaidi ya kuwapita. Mzigo mchafu unachosha mikono, lakini ule msafi ndio wa kuogopa kwa macho.

Na macho yenyewe yana mipaka. Nyosha mkono mbele yako uangalie ukucha wa dole gumba: eneo unaloliona kwa ukali kamili kwa mara moja ni kama ukubwa huo, zaidi kidogo. Kwingine kote unaona kwa kukisia, na macho huruka kutoka sehemu moja hadi nyingine mara tatu hivi kwa sekunde. Hakuna binadamu anayeweza kuikagua kila punje kwenye mkanda mpana unaokimbia. Mkijaribu wote kuuangalia mkanda wote, mtaacha mapengo yaleyale. Afadhali mgawane: aliye mwanzo wa mkanda ashike ukanda wa karibu na kifua chake, anayemfuata ashike wa katikati. Aliye upande wa pili hivyohivyo.

Angalia pia mkono wako unapookota. Umeona punje nyeusi, umeibana kwa kidole gumba na cha shahada, na jicho linasindikiza mkono mpaka kwenye bakuli. Katika muda huo mfupi kahawa inapita bila mwenyewe. Isitoshe, akili ikishapata moja huridhika kidogo. Madaktari wa picha za eksirei wanalijua tatizo hili, wakiona uvimbe mmoja wanaweza kuupita wa pili uliopo pembeni. Weka bakuli mahali palepale kila siku, karibu na kiganja, mpaka mkono ulijue bila msaada wa jicho. Na kila unapookota punje moja, jizoeze kutazama palepale pembeni yake kabla hujaendelea.

Sasa burudani, ambayo ndiyo hasa uliyoiulizia.

Kanuni yangu ni moja: burudani ichukue masikio, iyaache macho. Na iwe ya aina unayoweza kuiacha katikati bila kuumia. Mwaka 1940, vita ikiwa imepamba moto, BBC ilianza kurusha vipindi vya muziki kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, na iliendelea navyo hadi mwaka 1967. Haikuwa anasa; serikali ilitaka silaha zitengenezwe. Majaribio ya baadaye kwenye kazi za ukaguzi yamekuwa na majibu mchanganyiko, siwezi kukudanganya, lakini mwelekeo wake unaeleweka: muziki wa kuchangamsha husaidia watu walioanza kuzubaa, hasa ukiwekwa kwa vipindi. Ukipigwa mfululizo kutwa nzima, nao unageuka kuwa mlio wa mashine. Kwa hiyo msimuombe msimamizi redio ya kutwa. Ombeni nusu saa kuanzia saa nne na nusu, na nyingine kuanzia saa nane mchana, kwenye spika ya wote. Rumba, taarab, kwaya, mtakachokubaliana.

Ambacho singekishauri ni matangazo ya mpira, mjadala wa kisiasa, au simulizi ambayo mwisho wake unautamani. Hivyo vinadai picha kichwani, na picha ya kichwani inagombania nafasi na ile ya mkandani. Simu yenye video usiiweke hata magotini. Na hedifoni ndani ya kilemba, dada yangu, iache leo. Waya ukiteleza ukanaswa na mkanda unavuta kilemba na kichwa pamoja, na sikio lililozibwa halisikii mwenzako anapopiga kelele mashine izimwe.

Maongezi je? Hapa sikubaliani na msimamizi, ingawa nampa sehemu ya haki. Soga inayokufanya ugeuze shingo kumtazama msemaji inaharibu kazi kweli. Soga ambayo nyuso zote zimeelekea kwenye mkanda ni dawa ya usingizi, tena haina gharama. Vitendawili vinafaa sana, kwa sababu ni vifupi na kimya cha kufikiri hakihitaji kutazamana. Mtu mmoja kusimulia habari za kijijini kwao, wengine wakisikiliza na kuitikia, nayo inafaa. Kipimo cha kujua mmevuka mpaka ni rahisi: ukiweza kurudia maneno yote ya msimulizi lakini hukumbuki ni lini ulitoa punje mbovu ya mwisho, punguzeni.

Upo pia mchezo ambao meza moja inaweza kuufanya bila ruhusa ya mtu. Wenzako wawili na wewe mgawane kasoro: mmoja atangulize nyeusi, mwingine zilizotobolewa, wa tatu vijiti na mawe, na mbadilishane kila nusu saa. Kila mtu bado anatoa kasoro yoyote anayoiona, lakini ana moja anayoiwinda. Usiucheze peke yako, kwa sababu anayewinda matobo atazipita nyeusi.

Jojo sikushauri. Faida yake kwa umakini ni ndogo, na hapo ni mahali pa chakula. Hakuna mnunuzi atakayefurahia kuikuta kwenye gunia. Kahawa ya kunywa inasaidia ukiijulia wakati. Huchukua karibu nusu saa au zaidi kidogo kufikia nguvu yake, kwa hiyo kikombe cha saa saba kinakufaa saa nane, wakati kile unachokunywa ukiwa umeshasinzia kimechelewa. Na hata muda wa saa tano hivi ukipita tangu uinywe, bado nusu yake imo mwilini. Kikombe cha saa kumi jioni kinakunyima usingizi wa usiku, na kesho unarudi mkandani na deni.

Usingizi wa baada ya chakula hauletwi na chakula peke yake. Saa ya mwili ina bonde lake mchana, kati ya saa saba na saa tisa, hata kwa aliyefunga. Sahani kubwa ya makande inalizidisha bonde hilo. Kula kiasi, kisha utoke nje ukatembee dakika kumi kwenye mwanga wa jua kabla ya kurudi. Ukiweza kufumba macho kwa dakika kumi au kumi na tano ndani ya mapumziko, ni bora kuliko chochote nilichokutajia hapa.

Lakini yote hayo ni nusu ya dawa. Nusu kubwa iko kwenye ratiba, na ratiba iko mikononi mwa msimamizi. Mackworth aliwapa watu wake nusu saa ya kazi na nusu saa ya kupumzika, na umakini wao haukuporomoka kama wa wale waliokaa saa mbili mfululizo. Kiwanda hakiwezi kutoa mapumziko marefu hivyo, na sikutaki ukayadai. Kinachowezekana ni kubadilishana kazi. Baada ya nusu saa au dakika arobaini, wawili wanatoka mkandani kwenda kushona magunia, kufagia au kumwaga mabakuli, na wawili waliokuwa huko wanarudi. Hata kuhamia upande wa pili wa mkanda, kahawa ikawa inatoka kulia badala ya kushoto, kunaamsha macho. Dakika tatu za kusimama na kutazama mbali, kuelekea mlima kama kuna dirisha, zinapumzisha misuli ya jicho na kulirudishia unyevu, maana mtu anayekodoa hupepesa kope mara chache sana.

Ukienda kuzungumza naye, usiende na malalamiko. Nenda na pendekezo la wiki mbili kwa meza moja: ya kwanza mfanye kazi kama kawaida. Achote sampuli ya gramu 350, kipimo kinachotumika sana kupanga madaraja ya kahawa, asubuhi, kabla ya chakula na jioni, ahesabu punje nyeusi. Wiki inayofuata mfanye kwa kubadilishana na redio ya vipindi, ahesabu tena vilevile. Na awaambie matokeo kila siku. Hili la kuambiwa naliwekea mkazo: mtu asiyejua amekosa ngapi hana cha kumwamsha, na katika majaribio kupewa matokeo pekee kulipunguza kuporomoka kwa umakini. Akitaka kwenda mbali zaidi, awe anaingiza punje nyeusi 20 zilizohesabiwa mwanzoni mwa mkanda, kwenye mzigo utakaopitishwa tena, aone zimerudi ngapi. Viwanja vya ndege hufanya hivyo kwa wakaguzi wa mizigo, kwa kuingiza picha za silaha za kubuni kwenye skrini, ili jicho lisizoee kwamba hakuna kitu. Sharti lake ni kwamba matokeo yasitumike kumkata mtu mshahara. Siku yakitumika hivyo, hakuna atakayesema ukweli tena.

Kuhusu haki yako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Kubadilishana kila nusu saa hakumo humo, hayo ni makubaliano yenu. Hilo la saa moja si la kuomba.

Nimalizie na mwili wako, maana yapo mambo mawili ambayo ratiba haiyatibu. La kwanza ni uchovu usioisha hata Jumapili. Kama unakoroma sana usiku na kuamka umechoka, kama hedhi yako ni nzito na ukipanda ngazi moyo unakwenda mbio, kama una kiu na unakojoa mara nyingi, au kama majuma yanapita bila jambo lolote kukufurahisha, nenda ukapimwe kituo cha afya kilicho karibu nawe au hospitali ya Mawenzi. Upungufu wa damu, kisukari na sonona vyote vinaweza kujionyesha kwanza kama kusinzia kazini, na vyote vina matibabu.

La pili ni macho, na hapa nakuhimiza usingoje. Una miaka 44. Kuanzia miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho huwa ngumu na kuona karibu kunapungua. Sindano inakuwa shida kutunga uzi, na tobo la mdudu kwenye punje linakuwa doa tu. Mtu hulazimisha, kichwa kinauma mchana, naye anadhani ni usingizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka arobaini na zaidi, ulionyesha kwamba waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza chai waliyochuma kwa takriban asilimia 22 zaidi ya nyongeza ya wenzao waliokuwa bado hawajapewa. Hospitali ya KCMC hapo Moshi wana idara kubwa ya macho, na kipimo hiki ni cha dakika chache. Kabla hujaenda, kaa kwenye kiti chako cha kazi, mwenzako apime kwa uzi kutoka jichoni kwako hadi kwenye mkanda, ufunge fundo, uuweke mfukoni. Miwani ya kusomea gazeti hupimwa kwa umbali wa mikononi, ambao huenda ni mfupi kuliko wa mkanda wenu. Mpe anayekupima uzi huo.